Usafi wa madirisha na hatari ya ngazi ya kuunga



Inapokaribia Ramadhani au Idd, nyumba nyingi huku kwetu, kuanzia Mbagala, Chamazi na Yombo hadi Tegeta na Bunju, huingia katika usafi mkubwa. Mapazia hufuliwa, mazulia huanikwa juani, na madirisha yaliyokula vumbi la barabara ya udongo mwaka mzima hupata zamu yake. Ni jambo jema kiafya. Wavu wa mbu ulioganda vumbi haupitishi hewa vizuri, na upepo ukivuma vumbi lile lile humwingia kifuani mtoto mwenye pumu. Basi wiki hii tuangalie kile anachokanyaga mtu anayepanda kuliondoa.

Mara nyingi ni ngazi iliyobaki wakati wa ujenzi. Fundi aliigonga kwa mirunda miwili na vipande vya mbao, akaitumia kupaulia, kisha akaiacha nyuma ya nyumba. Imenyeshewa masika mawili matatu na mchwa wameshaonja miguu yake. Nyumba ikiwa ya ghorofa, ngazi hiyo haifiki juu. Hapo huazimwa nyingine kwa jirani, zikaungwa kwa waya wa kufungia nondo, na akaitwa kijana anayepita mtaani na ndoo na sponji. Mwenye nyumba hutikisa ngazi, hukanyaga kidato cha kwanza, husema "imara hii, panda".

Kukanyaga kidato cha kwanza hakuthibitishi chochote kuhusu kiungo. Ngazi iliyoegemezwa ukutani hufanya kazi kama boriti: imeshikwa chini, imeshikwa juu, na uzito wa mtu unaikunja. Mkunjo huo huwa mkubwa zaidi mtu anapofika katikati, na katikati ndipo tulipofunga waya. Kwa hiyo ngazi itakuwa tulivu alipo chini, tulivu alipo kidato cha tatu, kisha itaachia akiwa ameshafika urefu wa kuvunja mgongo. Waya hukata mbao polepole na kulegea. Kamba ya katani hukaza ikilowa na kulegea ikikauka, na usafi wa madirisha ni kazi ya maji. Kamba ya plastiki huteleza. Ukiongeza misumari mahali hapo, mbao hupasuka. Rai yetu ni moja: ngazi mbili za kugonga zisiungwe kabisa, hata fundi akiapa.

Ukitaka kuijaribu ngazi ya kipande kimoja, usiijaribu imesimama. Ilaze juu ya matofali mawili, moja kila mwisho, kisha mtu mzima aikalie katikati. Ikilala hivyo mihimili hukunjwa zaidi kuliko ikiegemezwa, na ikivunjika anayekaa ataanguka urefu wa tofali tu. Ikilia, au mhimili ukionyesha ufa, ikate iwe kuni.

Vidato navyo vina ugonjwa wao. Kidato kilichopigiliwa juu ya mhimili kwa misumari peke yake huning'inia kwenye misumari hiyo. Jua na mvua zikiisha kuchezea mbao, matundu hupanuka na msumari hucheza. Mwambie fundi achimbe kidogo kwenye mhimili ili kidato kikae ndani ya nafasi yake. Au apigilie kipande cha mbao kinachojaza sawasawa nafasi kati ya kidato na kidato, kila upande, mpaka chini. Hapo uzito hushuka kwa mbao juu ya mbao hadi ardhini, na msumari hubaki na kazi ya kushikilia tu. Vidato viachane kiasi cha sentimita 30, vyote sawa, maana mguu hukariri. Na usiipake ngazi rangi ya mafuta, itaficha nyufa, vanishi inatosha.

Kuhusu kuegemeza, kipimo ni rahisi: kwa kila mita nne za kwenda juu, mguu wa ngazi ukae mita moja kutoka ukutani. Simama wima vidole vya miguu vikigusa mguu wa ngazi, nyoosha mikono mbele. Viganja vikifika kwenye mhimili, mlalo ni sahihi. Kwenye mchanga wetu huu, ambao mguu mmoja huzama kabla ya mwingine, weka ubao mpana chini na mtu wa kushikilia. Anayepanda asivuke kidato cha tatu kutoka juu, na asijivute pembeni kufuata doa. Ashuke, asogeze ngazi. Ndala, kanzu na baibui vibaki chini. Tumeona watu wazima wakipanda na kanzu wakiikunja kwa mkono mmoja, na ndoo mkono wa pili. Sasa wanajishikia nini?

Kabla ya yote, tazama juu. Waya wa umeme unaotoka kwenye nguzo mara nyingi huingilia nyumba karibu na ukingo wa paa, jirani na dirisha. Wengine huzima swichi kuu wakadhani wamesalimika. Swichi ile hukata umeme wa ndani tu. Waya unaotoka nguzoni hadi kwenye mita unabaki na moto. Nyaya kubwa za mtaani, za volti 11,000 au 33,000, huwa hazina ganda, na umeme wake unaweza kumrukia mtu kabla hajagusa. Ngazi ya chuma hupitisha umeme, na ya mbao iliyolowa nayo hupitisha. Kaa mbali nazo mita tatu au zaidi.

Je, ni lazima kupanda? Huko Uingereza wasafisha madirisha kwa miaka mingi walitumia ngazi za mbao za vipande, vilivyochongwa makusudi vipachikane, cha juu kikiwa chembamba. Leo wengi wao husimama chini na kutumia mti mrefu wenye brashi na maji. Sisi mti huo tunao: ule wa kuondolea tandabui. Funga sponji kwenye mwanzi mrefu, na dirisha la ghorofa ya kwanza litasafika ukiwa umesimama ardhini, mradi hakuna waya karibu. Vioo vya vipande huchomolewa kimoja kimoja kutoka ndani. Palipo juu zaidi, kodi jukwaa la ujenzi. Ukifuta kwa gazeti kuukuu, lisiwe hili. Kurasa zake zina aya za Qur'an.

Anayefanya kazi hii kila siku ajue kwamba Sheria Na. 5 ya mwaka 2003 ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri atoe vifaa salama. Kijana wa kuitwa mlangoni mara nyingi hana bima wala wa kumdai. Kwa hiyo ngazi yako ndiyo bima yake.

Mtu akianguka, pupa ya kumwinua ndiyo humalizia uti wa mgongo. Msimkalishe, msimpe maji, msimchue. Isipokuwa pana hatari nyingine mahali alipo, abaki alivyo, mmoja amshikilie kichwa kisigeuke, mwingine atafute gari la wagonjwa. Likikosekana, watu wanne au zaidi wamhamishie kwa pamoja, mwili ukiwa umenyooka, juu ya mlango uliong'olewa au ubao mpana, na apelekwe kwa gari la kulala chali, siyo bajaji. Hospitali za Temeke na Mwananyamala zitampokea, na akihitaji zaidi watampeleka Taasisi ya Mifupa, MOI, pale Muhimbili. Miguu ikifa ganzi, waambieni madaktari mapema. Aliyegonga kichwa, hata akiinuka mwenyewe na kucheka, aangaliwe siku nzima. Akianza kutapika, kusinzia kupita kawaida au kuongea ovyo, apelekwe hospitali hata kama ni usiku wa manane.