Kompyuta Zetu Hazijafa

Mwezi wa Oktoba 2025, siku chache baada ya tarehe 14, ndugu mmoja wa Kidato cha Pili alitoka mbio katika chumba cha kompyuta akisema kwamba mashine zote 18 zimekufa. Nilikwenda kutazama, nikazikuta zinawaka kama kawaida, ila kwenye kioo palikuwa na tangazo kwamba msaada wa Windows 10 umekwisha. Kwa kuwa wengi wameniuliza maana ya maneno hayo, na kwa kuwa zilisikika hata habari za kuziuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, yafaa nieleze niliyojifunza.

Windows ni programu endeshi, yaani ile inayoziamrisha sehemu zote za kompyuta zifanye kazi pamoja. Windows 10 ilitolewa tarehe 29 Julai 2015. Programu kubwa namna hii haikosi matundu, na wezi hawachoki kuyatafuta. Kwa hiyo watungaji wake walileta viraka kila mwezi, Jumanne ya pili, kwa njia ya intaneti. Msaada ukikoma, viraka havishonwi tena, isipokuwa kwa waliojiandikisha kupata muda wa nyongeza. Mashine haifi. Nguo ni ileile, ila fundi cherehani amehama.

Lililonishangaza zaidi ni hili. Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, ni mdogo wake Windows 10, nayo imerithi mengi kwake. Basi tundu likionekana kwa mdogo, huenda limo kwa mkubwa pia. Kiraka cha mdogo kikitolewa, mwizi hukichunguza, akajua tundu lilikuwa wapi, kisha akaenda kulijaribu kwa mkubwa asiye na fundi. Kiraka chenyewe kimekuwa ramani!

Mtauliza, kwa nini tusiweke Windows 11? Hiyo hudai kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na prosesa za Intel inazozikubali karibu zote huanzia kizazi cha nane, kilichoanza kutoka mwaka 2017. Zetu ni za mwaka 2014. Nakiri nilikasirika sana. Mashine iandikayo barua na kupiga hesabu bila ya kukwama, iambiwe haifai, ilhali wazazi wetu walichangia mpaka meza na nyaya zake!

Mwalimu wetu wa kompyuta alinisikiliza, kisha akaniuliza, "Kiraka cha mwisho kiliingia lini?" Tulipofungua tukakuta mashine nyingi hazikupata kiraka tangu mwaka 2023, maana vifurushi vya intaneti vilikuwa vikiisha mapema. Fundi alikuwapo, wala hatukumpelekea nguo. Hatari yake yajulikana. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kilianza kufunga mafaili ya kompyuta katika nchi zipatazo 150 na kudai fidia. Huko Uingereza miadi ya wagonjwa hospitalini iliahirishwa. Kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetolewa tangu tarehe 14 Machi.

Basi tulizitoa zote katika intaneti, na flashi za kutoka nyumbani zikakatazwa (jambo lililotuletea lawama bwenini, kwa sababu ya nyimbo). Kisha Mwalimu akaleta Linux, programu endeshi ya bure, ambayo kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, alipokuwa mwanafunzi huko Helsinki, Ufini. Tuliiweka katika mashine mbili. Moja iliwaka mara moja. Ya pili ilikataa kuitambua printa, ikatuchukua Jumamosi mbili. Badala ya Word na Excel tunatumia LibreOffice. Kazi ni ileile, lakini vitufe vimekaa mahali pengine, na sisi wa Kidato cha Nne twaogopa kuchanganyikiwa katika mtihani. Kwa hiyo mashine sita zimeachiwa Windows 10, bila ya intaneti, mpaka tumalize.

Habari ya vyuma chakavu imenyamaza. Zimebaki mashine 10, nasi tunashughulikia moja kila Jumamosi baada ya usafi. Mwenye flashi ya GB 8 asiyoitumia na ampelekee Mwalimu.