Kijana Aitwe Kazini, Asiitwe Kupanga Viti

Mwaka jana nilipokuwa TP, yaani mazoezi ya kufundisha, mwalimu mlezi wangu aliniambia nimfuate Jumamosi kwenye kikao cha walimu wa hisabati wa eneo lile. Nikafurahi kweli. Nikapiga pasi shati, nikatoa nauli kwenye bumu iliyokuwa imebaki, na saa mbili asubuhi nikawa nimefika.

Mzee mmoja alinipokea vizuri sana. "Marahaba mwanangu, afadhali umekuja. Hebu tusaidie kupanga viti." Nikapanga. Kikao kilianza saa tano. Ikasomwa taarifa ya fedha, zikajadiliwa ada za waliochelewa kulipa, halafu mwenyekiti akalalamika kwamba vijana wa siku hizi hawapendi vyama, wanapenda simu. Vijana tulikuwa watatu, tumekaa nyuma, na hakuna aliyetuuliza neno. Saa nane tukapewa soda. Nikasaidia kukusanya chupa, nikarudi zangu gheto. Sikwenda tena.

Kwa muda mrefu nilikuwa naisimulia habari hii kama kichekesho. Nikifika kwenye "wanapenda simu", watu wanacheka. Makala hii isingeandikwa kama muhula huu nisingegundua kwamba na mimi nimefanya yaleyale. Nitafika huko. Kwanza tujifunze kidogo.

Chama cha kitaaluma ni nini? Ni umoja wa watu wa kazi moja, unaolinda ubora wa kazi yao na kuwafundisha wanaoingia. Sisi wa ualimu tunavyo. Chama cha Hisabati Tanzania, CHAHITA, kipo tangu mwaka 1966, na tarehe 14 Machi kila mwaka huadhimisha Siku ya Pai. Wenzetu wa Kiswahili wana CHAWAKAMA, chama cha wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki. Kinaendeshwa na wanafunzi wenyewe, nao hukutana kwenye makongamano na kuwasilisha mada.

Sasa, je, ni kweli kwamba vijana hawapendi vyama? Historia ya nchi hii inakataa. Chama kilichokuja kuitwa TAA kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1929, na makarani na walimu walikuwa na nafasi kubwa ndani yake. Julius Nyerere, aliyezaliwa 1922, alisoma Makerere kuanzia 1943 hadi 1945, na akiwa mwanafunzi huko alishiriki kuanzisha tawi la chama hicho. Piga hesabu mwenyewe: alikuwa na umri kama wangu, miaka ishirini na moja, ishirini na mbili. Aliporudi kufundisha St. Mary's, Tabora, mwaka 1946, aliendelea na kazi za chama. Mwaka 1953 akawa rais wa TAA, na tarehe 7 Julai 1954 TAA ikageuzwa kuwa TANU. Hakungoja awe mzee ndipo apewe la kufanya.

Kwa hiyo tatizo tulitafute kwingine. Mimi naliona sehemu tatu.

Ya kwanza ni mlango wenyewe. Vyama vingi vya watu wa kazi humhesabu mwanachama kwa ada, na mara nyingi ada hukatwa kwenye mshahara. Utaratibu huu ni rahisi kwa mhasibu, lakini hebu mfikirie dada mmoja aliyenitangulia hapa chuoni. Amehitimu, anasubiri ajira ya serikali, na kwa sasa anafundisha shule binafsi kwa posho, bila mkataba. Anaingia darasani kila siku. Ana vipindi vingi kuliko walimu wengi wenye ajira. Lakini hana hati ya mshahara ya kukatwa, basi kwenye daftari la chama hayupo. Na ndiye anayehitaji chama kuliko wote: wa kumweleza mkataba unatakiwa uweje, wa kumwandaa kwa usaili, wa kumwambia asikate tamaa. Akipata ajira baada ya miaka mitano, chama kitamkumbuka siku ya kumkata. Hapo utamlaumu akikiona chama ni makato tu?

Ya pili ni kazi anayopewa kijana akishaingia. Viti, picha, muziki, kuandika mahudhurio. Sisemi kazi hizo ni za dharau. Mtoto wa Kiswahili akiwa na wakubwa hushika jagi la maji, na mimi nimelelewa hivyo. Lakini kama ni jagi tu mwaka wa kwanza, jagi mwaka wa pili, jagi mwaka wa tatu, atajifunza nini? Mtu hukipenda chama pale anapoona kuna kitu kisingefanyika bila yeye.

Ya tatu ni mazungumzo ya upande mmoja. Hapa nieleze jambo zuri. Yule mwalimu mlezi wangu, mama wa makamo, aliniona nikihangaika na Pythagoras Kidato cha Pili. Nilikuwa nimejaza ubao fomula na darasa limelala. Baada ya kipindi hakunisema. Akatoa kamba yenye mafundo kwenye mkoba, akaniambia nihesabu nafasi. Zilikuwa kumi na mbili, zote sawa. Tukaikunja kuwa pembetatu ya nafasi 3, 4 na 5, pembe ikakaa sawasawa kama ya ukuta. "Fundi akitafuta skwea ya msingi anafanya hivihivi," akasema. "Kesho anzia hapa." Nikaanzia hapo, na kwa mara ya kwanza mkono uliinuka nyuma ya darasa.

Wiki iliyofuata yeye alikuwa anajumlisha alama za wanafunzi mia moja na themanini kwa kalenda na kikokotoo. Nikamwonyesha kufanya kwa jedwali la kompyuta. Kazi ya siku mbili ikaisha jioni moja, akaniita "mwalimu" mbele ya wenzake. Sasa jiulize: hicho si ndicho chama? Mkubwa ana kamba, mdogo ana jedwali, kila mmoja anaondoka na kitu. Ajabu ni kwamba mambo hayo yalifanyika ofisini kwetu, ila Jumamosi kwenye kikao hayakuwa na nafasi katika ajenda.

Nilisema nitafika kwenye kosa langu. Mimi ni katibu wa klabu yetu ya somo hapa chuoni. Muhula huu walikuja wanafunzi kumi na wanne wa mwaka wa kwanza. Nikawakaribisha, nikawaambia ada ni kiasi gani, nikawaomba wasaidie kubeba projekta. Mkutano wa pili walikuja watano. Wa tatu, wawili. Nikamwambia mwenzangu, kwa mdomo wangu mwenyewe, "Hawa wa mwaka wa kwanza hawako siriasi." Nilipolala usiku ndipo nikamsikia yule mwenyekiti akisema kwa sauti yangu.

Tulichofanya baada ya hapo ni kidogo, lakini nakiandika kwa sababu kinaweza kukusaidia. Ada tumeisogeza hadi mwisho wa mwaka. Taarifa ya fedha tunaibandika ukutani, asome anayetaka. Kila mkutano unaanza na kipindi cha dakika kumi na tano kinachofundishwa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na wa mwaka wa tatu anakaa naye siku moja kabla ili kumsaidia kujiandaa. Nafasi moja ya kamati ni yao, na ina kura. Mkutano uliopita walikuja tisa. Si kumi na wanne, ila binti mmoja aliyefundisha sehemu kwa kukata chapati alikaa mpaka mwisho, akauliza wiki ijayo ni zamu ya nani.

Kwa wazee wetu wa vyama, shikamooni. Viti tutapanga, hilo msiwe na wasiwasi. Tunaomba tukishapanga tukae nanyi, mtuulize tunafundishaje. Na kwa wenzangu mnaotarajia kwenda TP mwaka huu: ukialikwa kikaoni, nenda. Mimi nilikosea kutorudi. Kama nisiporudi mimi, na yule wa pembeni asiporudi, mwenyekiti atabaki anaongea na viti.