Kusamehewa na Kuchaguliwa

Uchaguzi ukikaribia huwasikia Wakristo wakisema juu ya mgombea fulani, "Ya kale yamepita, nasi tumeagizwa kusamehe." Je, neno hili latosha?

Tumtazame Zakayo (Luka 19). Hakusema tu kwamba ametubu. Alitaja kiasi: nusu ya mali yake kwa maskini, na aliyenyang'anywa arudishiwe mara nne. Sisi walimu twapenda hesabu iliyoonyeshwa njia.

Katika chuo kimoja cha ualimu nilikofundisha, mtunza stoo aliuza mahindi ya wanachuo. Alitubu, tukamsamehe, tukaendelea kula naye meza moja. Funguo za stoo hatukumrudishia, wala yeye hakuziomba.

Sheria nayo hutenganisha mambo haya. Kifungu cha 75 cha Katiba ya Kenya ya 2010 chamzuia aliyeondolewa madarakani kwa kuvunja maadili ya uongozi asishike tena cheo cha dola. Mike Sonko, aliyeondolewa ugavana wa Nairobi Desemba 2020, alishindwa rufani yake katika Mahakama ya Juu Julai 2022, asiweze kugombea ugavana wa Mombasa.

Lakini wengi hawafikishwi mahakamani. Hao wameachiwa mpiga kura. Uvumi si ushahidi, na utundu wa ujanani si sawa na kula fedha za zahanati.

Maswali ya kujadiliana: Mgombea huyu amekiri kosa lake? Amerudisha nini? Anaomba funguo za stoo ipi?