Kwa Nini Muamala Mmoja Husubiri Wenzake

Diski nyingi za sumaku kwenye seva huzunguka mara 7,200 kwa dakika. Gawa kwa 60, upate mizunguko 120 kwa sekunde. Mzunguko mmoja ni milisekunde 8 na kidogo.

Hifadhidata ya benki haipaswi kumwambia mteja kwamba fedha zimetumwa kabla rekodi haijaandikwa kwenye diski, maana umeme ukikatika, kilichomo kwenye memori hupotea. Rekodi hupangwa zikifuatana, hivyo kila uandishi mpya hungoja sahani izunguke mpaka nafasi inayofuata irudi chini ya kichwa cha kuandikia. Ukiandika muamala mmoja mmoja, hata ununue prosesa ya bei gani, hutazidi 120 hivi kwa sekunde.

Lakini rekodi moja ni baiti mia chache tu. Mzunguko uleule unaweza kubeba 50, na sasa tunafika miamala 6,000 kwa sekunde. Gharama yake ni kwamba muamala uliofika uandishi ukiwa umeshaanza hungoja zamu ijayo: ikizidi sana, mizunguko miwili, kama milisekunde 17.

Wengi huishia hapo na kusema tumeuza haraka ya mmoja ili kununua wingi wa wote. Naona wanaishia mapema. Tuseme inafika miamala 500 kila sekunde. Bila kuikusanya, 380 hubaki nje kila sekunde. Dakika moja ikipita, foleni ina 22,800, na atakayefika wakati huo atangoja zaidi ya dakika tatu. Kumbe kungoja wenzake kungemwokoa!

Wala si lazima mfumo uzidiwe kwanza ndipo kukusanya kusaidie. Katika mfano rahisi kabisa wa hesabu za foleni, fani aliyoianzisha Mdenmarki Agner Erlang kwa simu za Copenhagen mwaka 1909, mtambo unaoshughulika nusu ya muda hufanya muda wa mteja kuwa mara mbili ya ule wa kuhudumiwa bila foleni. Ukishughulika asilimia 90, mara kumi.

Basi tukusanye kwa muda gani? Mara nyingi, tusingoje hata kidogo. Fanya kama pantoni isiyongoja kujaa: ikifika gatini hupakia waliopo, ikaondoka. Diski ikiwa kazini, wanaofika hujikusanya wenyewe. Wakiwa wachache kundi ni dogo, wakifurika linakua. Hifadhidata ya PostgreSQL ina mpangilio wa kuchelewesha uandishi kwa makusudi, nao huja ukiwa sifuri. Mimi ningeuacha hivyo mpaka vipimo vya mfumo wenyewe vinishawishi.