SOMO LA UFUGAJI: DAWA YA MINYOO KATIKA CHAKULA CHA SAMAKI

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi tangu Mei 15 hadi Agosti 15. Mkazi wa Mpanda aliyezoea kungojea dagaa na migebuka ya Karema na Ikola aliona hapo thamani ya bwawa la perege. Lakini bwawa la chama likiingiwa na vimelea, mtaji wa wanachama wote huwa hatarini, na fedha ya dawa iliyotumiwa vibaya huwa hasara ya pili.

Yafaa kwanza kumjua adui. Samaki anayejikuna kwenye kingo au kutweta juu ya maji huenda ana vimelea vya ngozi na vya matamvua. Aliyekonda ilhali anakula huenda ana minyoo tumboni. Katibu asinunue dawa kabla mganga wa mifugo au afisa uvuvi hajampasua samaki mmoja na kumtazama. Kwa wadudu wengi wa nje, chumvi kama ile ya Uvinza yaweza kutosha: gramu 200 katika ndoo ya lita 20, samaki wakiogeshwa kwa dakika chache na kutolewa mara wanapoanza kuyumba.

Dawa ya kuchanganya na chakula, kama prazikwanteli, huhitaji hesabu. Chukulia bwawa lina samaki 1,000 wenye wastani wa gramu 200: jumla ni kilo 200. Mganga akiandika miligramu 50 kwa kila kilo ya samaki, dawa halisi itakuwa gramu 10. Ikiwa samaki hula asilimia 2 ya uzito wao kwa siku, gramu hizo 10 zitachanganywa na kilo 4 za chakula, zishikizwe kwa mafuta kidogo ya alizeti, kisha zianikwe kivulini. Pakiti ambayo nusu yake ni unga mwingine itahitaji gramu 20. Kwa hiyo kibandiko kisomwe.

Hapa ndipo wengi hukosea. Dawa hiyo ni chungu, na samaki mgonjwa sana hali kabisa. Chakula kikibaki nusu, kila samaki amepata wastani wa miligramu 25 tu kwa kilo, na minyoo hubaki. Heri kutibu mapema, hamu ya kula ingalipo. Samaki wasivunwe hata siku alizoandika mganga zipite. Tarehe ziingizwe katika daftari la bwawa, maana mlaji hana njia nyingine ya kujua.

Aidha, minyoo mingine hupitia kwa konokono na ndege walao samaki, na funza waliokwisha kujificha katika nyama hawaondoki kwa urahisi. Kwa hao, jembe lina kazi kuliko dawa: magugu ya kingoni yakatwe, na kiangazi, baada ya mavuno, bwawa likaushwe na kunyunyiziwa chokaa kabla ya vifaranga vipya kuletwa.