Safari ya Kwanza ya Kulala Garini, na Shauri la Mwenzi

Wako wengi katika nchi yetu waliokwisha kupanda gari la moshi kwa mwendo wa nusu siku, wakashuka jua lingaliko, nao hudhani kwamba wameijua safari ya reli. Lakini safari ya kulala ni jambo jingine. Mtu atokaye Dar es Salaam kwenda Kigoma kwa reli ya zamani hupita yapata kilomita 1,250, na kwa kawaida hulala njiani mara mbili kabla ya kuliona Ziwa Tanganyika. Katika muda huo gari ndiyo nyumba yake, na yule aliyefuatana naye ndiye jamaa yake. Twapenda kuwaeleza habari za safari hiyo wale ambao hawajaifanya, na hasa wale wanaokusudia kwenda wawili. Maana tumeona ya kuwa watu hujitayarisha sana kwa vyakula na mizigo, wasijitayarishe hata kidogo kwa mapatano ya wao kwa wao.

Njia yenyewe si ngeni. Kabla ya reli, misafara ilitoka Bagamoyo ikaenda Tabora hata Ujiji kwa miguu, miezi mitatu na pengine zaidi. Wapagazi hawakwenda kila mtu kwa shauri lake. Waligawanyika makambi, watu wachache chungu kimoja, huyu akatafuta kuni, huyu maji, huyu akapika. Wadachi walianza kuijenga reli Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma mwaka 1914, miezi michache kabla ya Vita Kuu kuanza. Hata ile meli iitwayo sasa Liemba ilichukuliwa vipande vipande kutoka pwani, ikaja kuunganishwa Kigoma. Tawi la kutoka Tabora mpaka Mwanza lilikwisha mwaka 1928, wakati wa Waingereza. Twaendelea kusema gari la moshi kwa mazoea, ijapokuwa injini za reli hiyo zimekwisha kuacha kuni na makaa, nazo huenda kwa mafuta ya dizeli.  Lakini msomaji asichanganye habari hizi na zile za reli mpya ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Hiyo hufika kwa saa chache, na mtu hana haja ya kitanda.

Jambo la kwanza ni tikiti, na katika tikiti jambo la kwanza ni saa. Karatasi huandikwa kwa hesabu ya kizungu, ambayo siku huanza katikati ya usiku. Basi mtu apandaye katika stesheni ya njiani akiona imeandikwa Jumanne, 00:30, ajue kwamba ni saa sita u nusu ya usiku ule unaofuata mchana wa Jumatatu. Akingoja mpaka Jumanne jioni ndipo afunge mizigo, gari limekwisha pita tangu jana yake. Wazee wa pwani hawangekosea hapa, kwa kuwa kwao siku huanza jua linapokuchwa, na usiku wa Jumanne ni ule unaoutangulia mchana wake. Ni sisi vijana wa shule tuliouacha usemi huo ndio tupatao taabu. Walimu wangefanya vema kuwafundisha watoto hesabu zote mbili. Na kwa kuwa siku za kuondoka hubadilika, hasa wakati wa masika ambapo maji huweza kuharibu njia upande wa Kilosa, yafaa kuuliza stesheni kabla ya kufunga safari, wala si kutegemea maneno ya mtu aliyesafiri mwaka jana.

Daraja ya tatu ni viti tu. Daraja ya pili ya kulala ni vyumba vya vitanda sita, vitatu upande huu na vitatu upande ule, kimoja juu ya kingine. Mchana kitanda cha kati hukunjwa, na watu wote sita hukaa juu ya kile cha chini. Daraja ya kwanza ni vyumba vya watu wawili. Basi, mkiwa wawili katika chumba cha sita, kumbukeni kwamba wa chini hana amri ya kulala mchana, kwa kuwa kitanda chake ni kiti cha wenziwe. Aliye mzee au mgonjwa apewe cha chini, kwa ajili ya kushuka usiku. Kijana apande juu, ambako hapana atakayemwamsha akitaka kulala hata saa nne ya asubuhi.

Mume na mke wasikilize vizuri hapa. Desturi ya daraja ya pili ni kuwatenga wanaume na wanawake, isipokuwa watu wamenunua chumba kizima. Tumeona bwana mmoja akiwa ameshika fedha zote, na bibi, vyumba vitatu mbele, ameshika chakula chote na blanketi zote. Yule akatetemeka, na huyu akashindwa kununua hata maji ya kumpa mtoto. Gawanyeni vitu kabla ya kupanda, kana kwamba kila mtu anasafiri peke yake: kila mmoja na tikiti yake, fedha zake kidogo, maji yake na nguo ya kujifunika. Nguo hiyo si ya anasa. Mtu wa pwani hupanda gari akitoka jasho, asijue kwamba usiku wa pili atakuwa juu ya uwanda wa kati, penye urefu wa zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya huko huingia mifupani.

Sasa twaja katika jambo lililotufanya tuandike. Reli hii ya zamani ni njia moja tu. Magari mawili yakielekeana, moja halina budi kungoja katika stesheni mpaka jingine lipite, na dereva haruhusiwi kuondoka mpaka njia ya mbele ijulikane kuwa ni tupu. Kwa hiyo gari huweza kusimama dakika mbili mahali pakubwa, na saa nzima mahali ambapo huoni ila mibuyu na kuku. Abiria hushuka, hununua mahindi, mayai, asali, hunyosha miguu. Wala hajui mtu atakuwa na dakika ngapi, kwa kuwa lile la mbele likipita, la kwetu huondoka papo hapo. Hapo ndipo wenzi wawili hutengana.

Kwa sababu hiyo wapatane mapema, tena kwa maneno yaliyo wazi. Wasishuke wote wawili pamoja. Mmoja abaki na mizigo. Mmoja akiachwa, aliye garini asiruke kumfuata, kwa maana gari likisha kushika mwendo, kuruka ni kuvunjika. Na aendelee mpaka ile stesheni kubwa waliyoitaja tangu mwanzo, akae hapo hapo pa mkuu wa stesheni. Aliyeachwa naye aende kwa mkuu wa stesheni ya pale alipo, ataje jina lake, la mwenzake, na namba ya behewa, ili habari ipelekwe mbele. Wakitafutana wote wawili, huyu kwa gari na huyu kwa basi, watapishana njiani kama waliofungwa macho.

Mahali pa kuangalia kuliko pote ni Tabora. Kwa desturi ya miaka mingi mabehewa hukatwa hapo: mengine huelekea Mwanza, mengine huendelea Kigoma, na yale ya Mpanda huachana na ya Kigoma huko Kaliua. Watu waliokula pamoja tangu Dar es Salaam huamka asubuhi wakiwa katika nchi mbalimbali.

Safari moja tulikuwa chumba kimoja na mzee aliyekuwa akimpeleka mpwa wake Kigoma kumwoza. Mahari ilikuwa imekwisha kupelekwa; siku ya nikahi ilikuwa kesho kutwa. Yule kijana alipata rafiki katika behewa la nyuma, akaja kuaga. "Mjomba, naenda kuongea kidogo na wenzangu." Mzee akamwambia, "Nenda, lakini kabla ya Tabora nikuone hapa." Akaitika vizuri, akaenda. Mzungumzo ukawa mtamu, kijana akajinyosha juu ya kitanda cha rafiki yake, akalala. Usiku ule tulisikia vishindo vya kukata na kuunga, tukadhani ni vya kawaida. Kulipokucha sisi tulikuwa tukielekea magharibi, na mzee amekaa kitako, ameshika tikiti mbili mkononi, maana yake yeye ndiye aliyeziweka zote, ili zisipotee.

Hatukuwa na la kumwambia. Gadi alipokuja aliuliza jina na behewa, akaahidi kupeleka habari kwa simu kutoka stesheni iliyokuwa mbele. Jibu likaja baadaye: kijana ameamkia Shinyanga, hana tikiti wala senti, ameketi kwa mkuu wa stesheni akisema kwamba yeye ni bwana arusi. Inasemekana kwamba huko hawakumwamini upesi. Mzee aliulizwa na watu wa chumbani atafanyaje na wakwe. Akafikiri kitambo, akasema, "Nitawaambia kweli, kwamba amelala. Wakikataa kumwoza mtu alalaye hivyo, sitawalaumu."

Walimngoja. Kijana alifika nyuma ya siku tatu, kwa nauli aliyokopa, na arusi ikafanywa. Lakini vyakula vya siku ya kwanza vilikuwa vimekwisha liwa, na mjomba alilipa vya pili.

Mkifika Kigoma msishindane kushuka na wale wanaokimbilia mlangoni, kwa kuwa reli huishia hapo, na gari halina mahali pengine pa kwenda. Mmoja ashuke kwanza, apokee mizigo dirishani, na mwingine aihesabu anapoitoa. Waendao Ujiji watapata gari za kuwachukua, kwani ni kilomita chache tu. Tikiti zenu msizitupe mpaka mmekwisha kutoka nje ya stesheni, maana huweza kuulizwa langoni.