Kidimbwi cha mtaa kisiwe kiota cha mbu

Msomaji, je, mtaani kwako kuna kidimbwi cha samaki au cha maua? Wakazi wengi huniuliza kama si afadhali kifukiwe ili kuepuka malaria. Jibu langu ni hapana. Hatari hasa ni kidimbwi kilichoachwa bila mtu wa kukitunza.

Mbu jike hutaga mayai majini. Penye joto, yai huweza kuwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 14. Viluwiluwi vyake hujificha kwenye magugu ya ukingoni, ambako samaki hawavifikii kwa urahisi.

Mwaka wa 2007, watafiti walichapisha matokeo ya kazi yao huko Kisii. Walitia tilapia katika vidimbwi vilivyokuwa vimeachwa. Baada ya majuma 15, viluwiluwi vya mbu wa malaria vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 94.

Basi wewe na majirani zako fanyeni hivi:

1. Chagueni mtu mmoja wa kukitunza kidimbwi.

2. Ng'oeni magugu ya ukingoni kila juma.

3. Fugeni tilapia. Msimwage oili chafu majini, kwani huua samaki.

4. Zungusheni ua wenye lango la kufungwa. Mtoto mdogo huweza kuzama hata katika maji machache.

Mtoto akipata homa, mpeleke akapimwe damu siku hiyo hiyo. Usimnunulie dawa dukani kwa kukisia. Kinga ni bora kuliko tiba.